Kutoka "-ka-" hadi "Kumbe": Msuko wa Filamu ya Fantasia ya Mapigano



 Najua kwamba wengi wenu mlipoiona mada katika tangazo mlijiuliza kama mzee huyu amechoka na fonolojia na sasa anatafuta burudani. Sijachoka na fonolojia. Nimekuja kulipa deni.

1. Utangulizi

Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la utafiti. Alitaka kuchunguza msuko wa filamu za mapigano, zile ambazo vijana wa mijini walikuwa wakizitazama kwa kulipa kiingilio kidogo katika vibanda vya video. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikamrudishia. Nilimwambia kwamba msuko ni suala la riwaya na tamthilia, na kwamba katika filamu hizo mna ngumi tu. Hakubisha. Akaandika tasnifu juu ya mada nyingine, akafaulu, akaenda zake. Mimi nikabaki na hukumu ambayo sikuwahi kuitolea ushahidi hata siku moja.

Leo ninakusudia kuuchunguza ushahidi huo. Hoja yangu ni moja. Lugha ya Kiswahili ina nyenzo mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hutupa kipimo kizuri cha msuko: kiambishi cha masimulizi -ka- na neno "kumbe". Hadithi husonga mbele kwa -ka-. Msuko hufungwa kwa "kumbe". Nitajaribu kuonyesha kwamba katika filamu nzuri ya fantasia ya mapigano, pambano halikatizi msuko. Pambano ndipo mahali "kumbe" inapozaliwa.

2. Hadithi, msuko na ushahidi wa lugha

Ni maarufu kwamba Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi na tanzia, aliutanguliza mpangilio wa matukio kuliko wahusika wenyewe, na kwamba alitofautisha tukio linalofuata jingine na tukio linalosababishwa na jingine. Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliirudia tofauti hiyo kwa kutenga hadithi na msuko. Mwaka 1928 Vladimir Propp wa Urusi alionyesha kwamba ngano za ajabu za kwao zinaweza kuchanganuliwa kwa majukumu 31 yanayofuatana kwa utaratibu ule ule. Wote hawa tunawafundisha. Ambalo hatulifanyi mara kwa mara ni kuiuliza lugha yetu wenyewe inasema nini juu ya jambo hili.

Tuanze na neno lenyewe. Msuko unatokana na kusuka. Anayesuka ukili wa mkeka, au nywele za mwenzake, hafungi vitu bega kwa bega kama anayefunga kuni. Mwaa mmoja hupita juu, mwingine ukazama chini. Na ule uliozama haujapotea, kwani ndio utakaojitokeza baadaye na kuushika uzi mzima. Tukiliheshimu neno hili, basi msuko si orodha ya matukio. Ni utaratibu wa kuficha na kufichua.

Sasa tutazame kiambishi -ka-. Tukisema "Alikula akalala", tunapata mfuatano tu: kula hakukuwa sababu ya kulala. Tukisema "Alianguka akavunjika mguu", tunapata mfuatano na sababu kwa pamoja. Umbo ni lile lile. Kiambishi -ka- hakituambii kama tukio la pili limezaliwa na la kwanza au limelifuata tu. Kazi hiyo huachiwa msikilizaji. Ndiyo maana mtoto anaweza kusimulia siku yake nzima kwa -ka- bila kutupa msuko wowote.

"Kumbe" ni kiumbe tofauti. Sarufi zetu nyingi hulitia neno hili katika kapu la vihisishi na kuliacha humo. Lakini tazama linafanya nini: "Nilimkaribisha mgeni, nikampa chakula, kumbe ndiye aliyeniibia." Vitenzi vyenye -ka- vimeusukuma wakati mbele. "Kumbe" haiusukumi wakati hata hatua moja. Inamrudisha msikilizaji nyuma na kumlazimisha ayasome upya mambo ambayo tayari aliyasikia. Mgeni alikuwa mwizi tangu alipobisha hodi. Kilichobadilika ni ujuzi wetu. Kwa maneno mengine, -ka- ni alama ya tukio jipya, ilhali "kumbe" ni alama ya maarifa mapya juu ya tukio la zamani. Mwaa uliozama umeibuka.

3. Filamu na hadithi yake

Mfano wangu ni filamu iitwayo Crouching Tiger, Hidden Dragon, iliyoongozwa na Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwaka 2000. Wahusika huzungumza Kichina cha Mandarini. Mwaka 2001 ilipata tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Imetokana na riwaya ya Wang Dulu, ya nne katika mfululizo wa riwaya tano, na ni ya utanzu ambao Wachina huuita wuxia, yaani masimulizi ya mashujaa wa upanga wanaoishi kwa kanuni za heshima zao wenyewe. Jina lake ni msemo wa Kichina juu ya simbamarara aliyejikunyata na joka lililojificha, nao huwahusu watu wenye vipaji visivyoonekana. Hata majina ya vijana wawili wa hadithi hii, Jen na Lo, kwa Kichina yana neno "joka" na neno "simbamarara" ndani yake. Kwa hiyo jina la filamu limekwisha kutuahidi "kumbe" kabla taa hazijazimwa.

Nitaisimulia hadithi kwanza kwa utaratibu wa kutokea kwake, na ninaomba mvihesabu vitenzi vyenye -ka-.

Mwanamke mmoja, Jade Fox, alitaka kujifunza sanaa ya mapigano ya mlima Wudang. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwalimu mkuu akawa radhi kulala naye lakini si kumfundisha, kwa kuwa ni mwanamke. Akamwua kwa sumu, akaiba kitabu cha mafunzo, akakimbia. Akajificha katika nyumba ya gavana, akawa mlezi wa binti yake, Jen, akamfundisha mapigano kwa siri. Maandishi ya kitabu yakamshinda, akafuata michoro. Jen akayasoma maandishi, akampita mwalimu wake, akanyamaza. Familia ikahamia Beijing, Jen akachumbiwa kwa mume asiyemtaka. Wakati huo Li Mu Bai, mwanafunzi wa yule mwalimu aliyeuawa, akaamua kuachana na mapigano, akautoa upanga wake wa kale kwa mzee mmoja wa Beijing. Jen akauiba.

Hiyo ni hadithi kamili yenye visababishi vyake, na -ka- inaibeba bila taabu. Lakini filamu haianzi hapo. Inaanza karibu na mwisho wa aya yangu: Li Mu Bai anafika kwa rafiki yake wa miaka mingi, Yu Shu Lien, mwanamke mwenye kampuni ya kulinda misafara, na kumkabidhi upanga aupeleke Beijing. Mlezi tunamwona kama mlezi tu. Jen tunamwona kama binti wa gavana tu. Kwa takribani dakika 15 za mwanzo hakuna pigo hata moja. Miyaa inalazwa.

Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kuiandika filamu hii kwa Kiswahili, kwa mpangilio ule ule waliouona. Halikuwa utafiti, lilikuwa zoezi la darasani, wala sitoi takwimu. Lakini jambo moja lilinishangaza. Wote walianza kwa -ka-, na wote walikwama mahali pamoja: Lo anapoingia chumbani mwa Jen usiku, na filamu, kwa mbinu rejeshi, ikaturudisha jangwani alikouteka msafara wao na kumnyang'anya kitana chake. Hapo -ka- haitoshi. Wakaanza kuandika "alikuwa ameteka", "walikuwa wamependana", na wengi wao wakatanguliza neno moja ambalo sikuwa nimewafundisha: "kumbe".

4. Pambano kama kauli

Tukubali sasa kwamba filamu hii ina msuko. Mkaidi bado anaweza kusema kwamba msuko uko katika mazungumzo, na kwamba mapigano ni mapambo yaliyopachikwa kati yake. Hivyo ndivyo nilivyomwambia yule mwanafunzi. Hebu tuyatazame mapigano yenyewe.

La kwanza ni la juu ya mapaa. Usiku, mtu aliyejifunika uso anauiba upanga, na Shu Lien anamfukuza. Mwizi anataka kupaa. Shu Lien kila mara anamrudisha chini, hata kwa kumkanyaga mguu. Hakuna maneno mengi. Lakini mwisho wa pambano hilo Shu Lien amepata habari ambayo hakuna mazungumzo ambayo yangeweza kumpa: mwizi huyu ana ujuzi wa hali ya juu, na muda si mrefu atamshuku yule binti wa gavana. Kumbe vidole laini vile vinajua upanga.

La pili ni la Kilima cha Manjano. Askari mpelelezi ambaye mkewe aliuawa na Jade Fox anakwenda kulipiza kisasi pamoja na binti yake. Li Mu Bai anatokea, Jen anatokea kumwokoa Fox, na mpelelezi anakufa. Mtazamaji wa haraka ataona vurumai. Mtazamaji makini ataona macho ya Fox. Anamtazama mwanafunzi wake akikabiliana na bingwa wa Wudang, na anatambua kwamba amepitwa, tena amepitwa siku nyingi. Kumbe kitabu kile kilikuwa na mambo ambayo yeye hakuyaona kamwe, na mtoto aliyemlea alimficha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo filamu nzima inapopinduka. Chanzo cha upinduzi huo si ngumi. Ni kusoma: mmoja alifuata picha, mwingine akafuata maandishi.

La tatu ni la Shu Lien na Jen katika ua wa mazoezi. Shu Lien anachukua silaha moja baada ya nyingine, na upanga wa Jen unazikata zote. Mwishowe Shu Lien anaiweka silaha iliyovunjika kwenye shingo ya Jen, na hapigi. Jen anaujibu msamaha huo kwa kumjeruhi mkono. "Kumbe" hapa ni mbili: kumbe nguvu ya Jen ilikuwa ya upanga zaidi kuliko yake mwenyewe, na kumbe huruma peke yake haitamfundisha.

Kisha Li Mu Bai anamfuata Jen hadi juu ya vilele vya mianzi, anaupata upanga, na anautupa majini. Kitu ambacho watu wote wamekigombania anakitupa. Kumbe tangu mwanzo hakuwa akiufukuza upanga, alikuwa akimtafuta mwanafunzi. Uzi wa wizi unaishia hapo, na uzi wa ualimu unabaki peke yake.

La mwisho ni la pangoni. Jen amelewa dawa aliyofukizwa na Fox. Fox anarusha sindano zenye sumu, Li Mu Bai anazipangua kwa upanga na kumwua Fox, na sote tunashusha pumzi. Kumbe sindano moja imemwingia shingoni. Na kabla ya kukata roho Fox anatoa "kumbe" ya mwisho: sumu ile haikuwa ya Li Mu Bai, ilikuwa ya Jen, yule mtoto aliyemficha elimu. Jen anakimbia kutafuta dawa, anachelewa. Li Mu Bai anatumia pumzi zake za mwisho kumwambia Shu Lien kwamba anampenda, neno ambalo wote wawili walilifungia kwa miaka mingi kwa kuuheshimu uchumba wa Shu Lien na marehemu aliyekuwa ndugu wa kiapo wa Li Mu Bai.

Si kila pambano la filamu hii linafaulu kipimo changu. Jen anapotoroka harusi, akavaa nguo za kiume na kuwavunjavunja wababe katika nyumba ya kulia chakula, tunacheka na kufurahi, lakini hakuna ajuaye zaidi ya alichojua. Ni "alikula akalala". Ninalitaja ili isidhaniwe kwamba nimebuni kipimo kinachosifu kila kitu. Ziko filamu nyingi ambazo mapigano yake yote ni ya namna hiyo, na juu ya hizo hukumu yangu ya zamani ingesimama.

5. Fantasia na kanuni zake

Itaulizwa: je, kupaa juu ya mapaa na kusimama juu ya matawi ya mianzi kunahusianaje na msuko? Waigizaji waliruka kwa kufungwa nyaya ambazo baadaye zilifutwa katika picha kwa kompyuta, na mapigano yalipangwa na Yuen Woo-ping, bingwa wa kazi hiyo. Hayo ni ya mafundi. Kwa mchambuzi, lililo muhimu ni kwamba maajabu haya yana sarufi. Hapai kila mtu. Hupaa aliyefundika, na kadiri alivyofundika ndivyo anavyokuwa mwepesi. Kwa hiyo wepesi wa mtu ni taarifa: humfichua. Jen anaweza kuuficha uso wake kwa kitambaa, lakini hawezi kukificha kiwango cha elimu yake mara miguu inapoiacha ardhi. Fantasia ikiwa na kanuni, huzaa sababu. Ikikosa kanuni, huwa ni sarakasi.

Jambo hili si geni kwetu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa ana nguvu zipitazo za binadamu, lakini ajabu hiyo ina kanuni moja ya siri: sindano ya shaba kitovuni. Adui hawamwui kwa jeshi. Wanamtumia mwanawe aiulize siri, na baba, ingawa anashuku, anaitoa. Sidai kwamba Wang Dulu alimjua Liyongo au kwamba Ang Lee alimsoma Kijumwa; hakuna uhusiano huo. Ninachosema ni kwamba mashujaa wawili wakubwa wameangushwa na sindano, na katika visa vyote viwili sindano ilipita katika tundu la maarifa: nani alijua nini, na nani alimficha nani. Shujaa wa fantasia hashindwi na nguvu kubwa kuliko yake, kwani hapo hadithi ingekuwa hesabu ya kujumlisha tu. Hushindwa na kitu kidogo kilichojulikana na mtu wa karibu.

6. Wafasiri wa vibandani

Kuna watu waliojua haya kabla yetu sisi wenye shahada. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki walitokea wasimulizi waliozifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili papo kwa papo, kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya. Watazamaji wengi hawakuielewa lugha ya filamu. Kazi ya msimulizi haikuwa kutafsiri maneno tu, bali kuunganisha: kueleza kwa nini huyu anampiga yule, na kuonya kwamba anayecheka sasa ana jambo. Nakumbuka siku niliyoingia katika kibanda kimoja, nikiwa nimejibanza nyuma nisionekane na wanafunzi wangu. Pambano lilipokwisha msimulizi alinyamaza kidogo, kisha akasema "Kumbe!", na ukumbi mzima ukaguna. Niliondoka nikijiambia kwamba nimeona burudani ya kawaida. Sasa ninaona kwamba niliona uchambuzi wa msuko, na kwamba hadhira ile ilikuwa imeuelewa.

7. Hitimisho

Ninapendekeza mambo mawili. La kwanza, wanaisimu tulipe neno "kumbe" nafasi linayostahili katika maelezo ya sarufi ya matini, badala ya kuliacha pamoja na "lo!" na "ala!". Linafanya kazi ya kimuundo, na linastahili kuchunguzwa kwa data pana kuliko zoezi langu la darasani. La pili, idara zetu zisimkatalie mwanafunzi matini kwa sababu ya utanzu wake. Tumwulize maswali matatu. Je, pambano linapokwisha, yuko ajuaye asilolijua awali? Je, ujuzi huo unabadilisha maana ya yaliyopita? Je, ajabu iliyomo ina kanuni? Akiweza kuyajibu, msuko upo, na utafiti unawezekana.

Nimesema kwamba nimekuja kulipa deni, na ninaomba nimalizie hapo. Ukiifuata hadithi ya filamu hii hadi mzizi wake, ukaondoa upanga, ukaondoa mianzi na mapaa, utakuta jambo moja: mwalimu alimnyima mtu elimu kwa jinsi alivyomwona, bila kumpima. Mauaji yote yanatoka hapo. Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kwa muda mrefu nilidhani inazungumza juu ya mashujaa wa China. Kumbe mwanafunzi yule aliyesimama mlangoni kwangu na karatasi zake alikuwa na swali, nami sikuwa na jibu.

Kama yumo ukumbini leo, ninamwomba radhi. Kama hayumo, ninawaomba ninyi vijana muichukue mada yake muiendeleze.